Mpiga Chapa wa Bombambili

Habari za msiba huu zilinikuta sokoni nikichagua maharage. Mama muuzaji aliacha kupima, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hujasikia? Yule mama wa mashine ametutoka alfajiri." Nikambishia. Nilimwambia kwamba wiki iliyopita tu nilimwona barazani kwake, Bombambili, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi, anampigia mtu barua ya kuomba uhamisho. "Basi nenda ukaone mwenyewe," akanijibu, akageukia mteja mwingine. Nilikwenda. Turubai lilikuwa limeshafungwa mbele ya baraza ile ile, na mashine ya kupigia chapa ilikuwa imesogezwa pembeni na kufunikwa kanga. Nililia mbele za watu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipomzika mke wangu.

Wasomaji wa safu hii mnaokaa Songea mnamjua, hata kama jina lake hamlijui. Alikuwa karani mpiga chapa katika shirika moja la umma, mpaka siku walipoambiwa kwamba shirika halina uwezo tena na watumishi wakapunguzwa. Wenzake wengi walirudi vijijini. Wengine walikaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena, na wapo wanaosubiri mpaka leo. Yeye aliinunua mashine ile ile aliyoizoea kazini, pale samani za ofisi zilipouzwa, akaiweka barazani. Asubuhi alipiga barua, wasia na mialiko. Mchana alikuwa mtaani Msamala na robota la mitumba ya watoto. Jumamosi alioka keki za Komunyo ya kwanza kwenye sufuria lenye mchanga, makaa juu na makaa chini. Katikati ya hayo alifundisha kwaya, alilea binti yake peke yake, na hakuwahi kukosa mkutano wa jumuiya. Ukipita kwake ulipokewa kwa neno moja tu: "Kaa, nakusikiliza," huku vidole vikiendelea kugonga.

Makaburini kaka yake mkubwa, aliyetoka Mbinga, alisimama kutoa neno la familia. Alisema kwa uchungu, wala simlaumu. "Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Dada yetu alishika kumi. Kazi zimemuua." Watu waliitikia kwa vichwa, nami nikainamisha changu. Tuliporudi nyumbani, binti wa marehemu, ambaye ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, alinifuata nilipoketi. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia. Akaniuliza, "Ni kweli mama aliuawa na kazi? Maana kazi zote zile alikuwa ananisomeshea mimi." Nilimwona jinsi alivyokuwa akishikilia pindo la kitenge chake, nikatambua kwamba jibu langu ataishi nalo miaka yote. Nikamwambia tutazungumza siku nyingine.

Lazima nikiri kwamba zamani nami niliwaza kama kaka mtu. Miaka michache iliyopita niliandika hapa hapa makala ya kuwacheka watu wa siku hizi, kwamba tangu biashara iruhusiwe kila kona hawana muda hata wa kujibu salamu, wanakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji. Kesho yake mama huyu alibisha hodi kwangu, gazeti mkononi. "Mwalimu, hapa umenisema mimi," akaniambia, akicheka. Nikajitetea kwamba nilikuwa nasema kwa ujumla. "Kwa ujumla ndiyo mimi. Lakini wewe unadhani mtu mwenye shughuli nyingi anakosa maisha. Mimi nilipokuwa ofisini miaka kumi na minne, kitu cha ajabu kilichonipata ni panya kuzaa kwenye faili. Sasa hivi kila wiki napata la kusimulia. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, mwalimu." Kisha akanisimulia habari ya posa.

Kijana mmoja bwana shamba, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa, alikuja kupigiwa barua ya posa. Alipoiona imepangwa vizuri, akamwomba mama huyu ndiye aipeleke, kwa kuwa yeye hapa hakuwa na ndugu. Mshenga mwanamke! Watu wa jumuiya walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini yeye alikubali papo hapo, kwa sababu hakuwahi kuifanya kazi hiyo na alitaka kujua inakuwaje. Jumamosi alipanda basi dogo la Peramiho, akashuka njiani, akaingia ndani ya kijiji alichoelekezwa, kapu mkononi. Aliambiwa aitafute nyumba ya bati nyuma ya kisima, kwamba watu watakuwa wanamngoja. Nyumba aliiona, na watu walikuwepo tele: wanaume kwenye mabenchi, wanawake wakimenya na kuchochea moto chini ya masufuria makubwa. Moyoni akasema, hawa watu wametuheshimu sana. Na kwa kuwa mshenga hatakiwi kutamka alichofuata kabla hajakaribishwa ndani, alitoa kitenge na sukari bila maneno, wanawake wakapokea kwa mikono miwili, wakamshukuru. Bibi mmoja akamshika mkono, akamwingiza ndani. Huko alikuta jeneza.

"Ulifanyaje?" nikamuuliza. "Ningefanyaje? Nitoke niwaambie nirudishieni kitenge changu, nimekosea nyumba? Nilikaa chini, nikalia na wenzangu. Na nilipolia nikamkumbuka mama yangu, nikalia kweli." Alijifunga kanga kiunoni, akachota maji na kuosha masufuria siku mbili, mpaka walipozika. Jumatatu ndipo alipokwenda kwenye nyumba aliyotumwa, iliyokuwa ya pili yake, mikono mitupu, barua imekunjamana na kunuka moshi. Baba wa msichana alikuwa mmoja wa wale waliokaa kwenye mabenchi. Hakuifungua hata hiyo barua. Alisema, "Mama, sisi tumekuona siku mbili. Aliyekutuma anajua kuchagua watu. Mwambie aje." Ndoa ile ipo, na keki ya harusi aliioka mshenga mwenyewe.

Nimekuwa nikiifikiria hadithi hiyo tangu siku ya mazishi. Sisi tuliolelewa na ajira ya serikali na mashirika tulifundishwa kwamba mtu ana kazi moja, meza moja na saa ya kutoka. Soko huria lilipokuja liliivunja meza ile, na sitaki kulipamba, maana limewaumiza wengi na nimewazika baadhi yao, wengine kwa pombe na wengine kwa kinyongo. Lakini mama yule hakuzikimbilia shughuli zake kwa njaa peke yake. Alizipenda. Aliamini kwamba kila kazi ni nyumba ya watu usiowajua, na kwamba ukiingia kwa adabu watakupa kiti. Na hili ndilo linalonitesa: katika kuzunguka kwake kote alipata wasaa wa watu. Mke wangu alipougua miezi mitatu, ni nani aliyemletea uji kila siku kabla jua halijachomoza vizuri? Si majirani zangu waliostaafu kama mimi. Si wale wa ukoo tuliokuwa tukishinda nao barazani. Ni huyu mwenye kazi kumi. Alimlisha kijiko kwa kijiko, akamtania, akaenda kufungua mashine yake. Hakuniambia hata siku moja kwamba ana haraka.

Sasa namjibu binti, na namjibu hapa mbele yenu, kwa sababu uso kwa uso nilishindwa.

Binti yangu, mama yako alikuwa na uvimbe tumboni. Alikwenda hospitali Peramiho, akaambiwa atapasuliwa, aje na mtu wa kumwangalia. Wewe ulikuwa shuleni, karibu na mitihani, naye hakutaka ujue. Mjomba wako yuko mbali. Akaja kwangu. Katika miaka yote tuliyojuana, hilo lilikuwa ombi lake la kwanza. "Mwalimu, Alhamisi unaweza kunisindikiza? Siku mbili tatu tu." Nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu cha uvivu, chai pembeni. Nikamwambia Alhamisi ni siku yangu ya kuandika safu. Hakukasirika. Akasema, "Haya, andika tu, mwalimu, tutaona," akaondoka kwa mwendo wake ule wa haraka. Hakuomba tena, si kwangu wala kwa mwingine. Aliahirisha mpaka umalize mitihani, na uvimbe haukumsubiri. Safu niliyoandika Alhamisi ile nimeitafuta juzi. Inahusu bei ya mbolea, na ingeweza kutoka wiki yoyote.

Sijui kama angepona. Madaktari peke yao wangejua, nao hawakupewa nafasi ya kujaribu. Lakini kwamba kazi zake za kukusomesha ndizo zilizomuua, hilo si kweli, usilibebe. Kazi hizo zilimpa siku ndefu na zilizojaa kuliko za wengi wetu tunaomzidi umri, na alizifurahia mpaka ya mwisho. Kwenu wasomaji nina neno moja, nililojifunza kwa gharama ya mtu mwingine: msiwaogope watu wenye shughuli nyingi, wala msiwahurumie. Waogopeni watu kama mimi, tuliokaa muda mrefu na hatuna chochote cha kutufunga. Siku mama yako alipohitaji mtu wa kumshika mkono, binti yangu, alimwendea asiye na kazi, na asiye na kazi akamwambia ana shughuli.