Mapipa Sita ya Don Fermín

Hilarión Curiel alitunza ghala la mapipa hapa Amatitán kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuonja tekila, pombe kali ya mkonge tunayoitengeneza, hata tone. Alikuwa ameapa mbele ya padri, baada ya ujana wa ulevi uliomfanya mkewe, Tomasa, arudi kwao mara mbili. Kila mwaka aliapa upya na kupewa kikadi, akakitia kwenye mfuko wa shati. Sisi wanawake wa kufunga chupa tulimtania kwamba ni mpishi aliyefunga mwaka mzima. Alicheka tu.

Alipima kwa viganja. Alidondosha matone machache, akasugua mikono mpaka kileo kikauke, kisha akanusa. Tekila changa, alituambia, inanukia pilipili na majani mabichi. Ikilala pipani mwaka mmoja hivi, ukali unapungua, mti wa pipa unaipa vanila na asali, lakini chini yake mkonge uliookwa bado upo, mtamu kama kiazi kilichotolewa jivuni. Kazi yake ilikuwa kuutambua mwezi ambao mkonge huo unaanza kuzama.

Mwenye kiwanda, Don Fermín Ruvalcaba, alijaza mapipa sita kwa tekila ya mkonge alioupanda mwenyewe, akayapanga safu ya juu kabisa, karibu na bati. Mwaka wa nne akafariki. Kiwanda kikawa cha binti yake, Leonor, na mapipa yale hakuna aliyeyagusa.

Mwaka wa tisa Leonor akaja ghalani asubuhi, amefurahi. Alisema atayatia chupani vilevile yalivyo, jina la baba yake likiwa juu, maana tekila ikikaa sana ndiyo inazidi kuwa bora. Hilarión alichukua kikombe chake. Alipanda ngazi, akagonga pipa la kwanza kwa kifundo cha kidole. Likalia kama debe tupu. Zaidi ya nusu ilikuwa imepotelea hewani kwa joto la bati. Akachota kidogo, nyeusi kama chai iliyochemka mno, akasugua viganja, akanusa kwa muda mrefu. Kisha akashuka na kumpa Leonor kikombe.

Leonor alikunja uso. Mdomo ulimkauka kama aliyetafuna ganda la ndizi mbichi.

"Mkonge uko wapi?"

"Umemezwa na mti, mama. Ilifaa itoke mwaka ule wa nne."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza miaka mitano?"

Hilarión akavua kofia. "Ulikuwa unamlilia baba yako. Ningeanzia wapi kukuambia habari za mapipa? Baadaye nikaona aibu, na siku zikaenda."

Leonor aliondoka. Siku tatu hakuonekana. Hilarión alimwambia Tomasa kwamba kazi imekwisha, akabeba kikombe na aproni yake kurudi nyumbani.

Siku ya nne Leonor alimfuata mlangoni kwake, amekumbatia mitungi ya kioo. Alisema kama mti umezidi, basi wautafutie mkonge. Wakaanza kuchanganya kiasi kidogo cha ile ya zamani na nyingi ya mwaka mmoja, yeye akipima kwa ulimi, Hilarión kwa viganja. Wiki mbili walibishana.

"Bado inanuka kabati," alisema Hilarión.

"Wewe hata hujaonja."

"Ndiyo maana pua yangu bado nzima."

Mchanganyiko wa kumi na moja aliunusa, akaunusa tena, kisha akamsogezea Leonor viganja vyake viwili. Leonor aliinama, akanusa, akabaki ameinama hivyo kitambo. Harufu ya kiazi cha jivuni ilikuwepo, na nyuma yake asali.

Mapipa matano yaliishia humo. La sita Leonor alilihamishia kwenye mitungi ya kioo, kwa kuwa ndani ya kioo tekila haibadiliki tena, akalihifadhi na uchungu wake. Hunywa kidogo siku ya kumbukumbu ya baba yake, peke yake.

Hilarión amestaafu, anafuga nyuki na bado anaapa kila mwaka. Ghala naliangalia mimi, na mimi huonja. Mwaka jana nilipoona safu ya chini iko tayari, nilimwendea Leonor siku ileile kumwambia, ingawa alikuwa mezani na wageni.