Mama wa Mauche aliyekimbia na wanaume

Ukungu bado umeulalia mteremko wa Mauche, juu ya Njoro, na Taplelei tayari yuko mbioni. Mtungi wa maziwa umefungwa mgongoni kwa kamba, gamboti zinarusha matope, naye hasimami hata kupangusa jasho. Lori la maziwa halingoji mtu.

"Nikichelewa, maziwa inarudi na ni mimi nalaumiwa," anasema, akicheka bila kupunguza mwendo.

Maziwa si yake. Huwabebea majirani, na siku ikiwa nzuri hupata shilingi mia na hamsini. Ng'ombe hana. Angekuwa naye sasa hivi, tena wa kukamuliwa, na hapo ndipo simulizi yake inapouma.

Ana miaka arobaini na minane, na kazi hii imempa miguu ya kuogopwa. Vijana wakimsikia nyuma yao barabarani hujitoa pembeni wenyewe.

Mumewe alifariki mwaka 2001 bila kumwachia mtoto. Kwa mila ya Wakipsigis, mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa mke ili nyumba isizimike. Watoto wa mke huyo huwa wa nyumba hiyo, naye mwoaji huhesabiwa mwanamume tangu siku ya ndoa. Taplelei alimwoa Cheptanui mwaka 2003. Mtoto wao, Kimutai, ana miaka minne, na ndiye mrithi wa shamba la marehemu.

Mwaka jana Taplelei alishinda mbio za akina mama za chama cha ushirika. Zawadi ilikuwa sufuria. Hakuna aliyeuliza lolote. Watu walipiga makofi wakaenda kunywa chai.

Agosti mwaka huu wa 2008 zikaandaliwa mbio za amani, baada ya vurugu za uchaguzi za Januari. Safari hii mshindi wa akina mama aliahidiwa mtamba mwenye mimba. Penye ng'ombe, mila zikakumbukwa.

Aliyeanza ni Jepleting, msichana mwenye mbio zake. "Hii ni ya wanawake," alisema. "Huyu si alioa? Hawezi kuwa mzee huko nyumbani, akikuja huku anakuwa mama."

"Tunaoga na yeye mtoni!" mwanamke mwingine akamjibu. "Mwili yake ni kama yetu. Kwani kuoa kunaongeza mtu miguu?"

Mwalimu Wanyoike, msimamizi wa mbio, alitaka yaishe. "Kitambulisho inasema ni mwanamke. Hiyo inanitosha. Mathe, ingia laini."

Taplelei akaingia. Ndipo Kipkemei, ndugu wa marehemu mumewe, alipopenya katikati ya watu. Hakupinga. Alitabasamu, akaomba jambo moja tu.

"Sema hapa, wazee wasikie. Wewe ni mwanamke?"

Taplelei alimwelewa mara moja. Tangu mazishi, Kipkemei amekuwa akilimezea mate lile shamba. Akijibu ndiyo mbele ya wazee, ndoa yake ingegeuka mchezo wa watoto, na Kimutai asingekuwa tena na nyumba ya kurithi.

"Niliangalia Cheptanui. Alikuwa amebeba mtoto, ameziba mdomo na leso," anasema. "Nikatoka. Nikaenda kwa laini ya wanaume. Hata kuongea sikuongea."

Vijana waliangua kicheko. Laini zote mbili zilianza pamoja, na wengi wa waliocheka aliwaacha mlimani. Alimaliza mbele ya Jepleting, mbele ya wanawake wote. Mtamba akapewa Jepleting.

Mwezi uliopita ng'ombe huyo alizaa. Sehemu ya maziwa anayobeba Taplelei kila asubuhi sasa inatoka kwake.

Wanyoike naye, jambo hilo halijamtoka moyoni. "Nilisimama tu hapo na filimbi," anasema. "Ningefukuza yule Kipkemei. Lakini Jepleting hakuiba. Alisema vile amefunzwa kwao."

Taplelei haoni haya kusema kwamba anajuta. Hajutii kuoa, na kwa Jepleting hana kinyongo. "Najuta hiyo siku. Nilikimbia nikilia, na watu wakafikiria ni jasho. Mimi nilikuwa napenda kukimbia na akina mama. Tunataniana njia yote. Wanaume hawaongei."

Mwaka ujao hatakimbia popote. Anamsubiri Kimutai akue. "Kimutai akishatahiriwa, aandikishwe shamba, Kipkemei hatakuwa na kitu ya kuniuliza. Siku hiyo narudi kwa laini yangu."

Wavulana wa huko hutahiriwa wakikaribia miaka kumi na mitano. Taplelei anapiga hesabu kimyakimya, kisha anayatazama magoti yake.

"Nitakuwa nyanya kabisa," anasema. "Lakini hata kama ni kutembea, nitatembea na wao."