Gari ya Milango Miwili

Nyumba yetu iko Malindi ya hapa kisiwani, ndani, kwenye kichochoro ambacho vespa mbili zikikutana moja lazima irudi nyuma, na mimi nlikwenda nkanunua gari. Tena si gari ya maana, ya kubebea vitambaa na viti vya mahoteli ninavyovishona. Nlinunua gari ya Kijerumani ya milango miwili, ndefu, ya kitajiri, iliyokaa miaka chini ya turubai huko Kikwajuni, tairi zote zimelala na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Nlipomwambia mume wangu aliweka kikombe chini akaniuliza kama naumwa. Huyu ni mtu mpole, mstaafu wa bandarini, na akitaka kugombana na mtu humuuliza hali ya afya yake. Nkamwambia mimi mzima. Umri wangu wote nashona mapazia ya watu na mito ya watu, na viti ambavyo wageni wanakuja kuvikalia na mchanga wa pwani. Sijawahi kuwa na kitu kizuri kisichokuwa na kazi. Mwanamme akitamani gari anaambiwa mashaallah, mimi nkitamani naulizwa kama naumwa? Akacheka, akasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nkamwambia hii hata si mpya. Akasema, basi kimebaki kidonda.

Majirani nao hawakuninyamazia. Mmoja alinisimamisha mlangoni kwangu akaniambia la kuvunda halina ubani, nisijisumbue. Nkamjibu kwamba ubani wangu na pua ni yangu, akae mbali. Mimi nna hasira za karibu, wanaonijua wanajua, na zinaondoka upesi kama zilivyokuja.

Gari yenyewe nliiona kwa bahati. Nlikwenda Kikwajuni kupima madirisha ya bibi mmoja, mjane wa mfanyabiashara, na nlipokuwa nimepanda kwenye kiti na utepe wangu, nkaona uani turubai limefunuka pembe, na chini yake mstari wa chuma unang'aa. Nkamuuliza bibi ni nini kile. Akasema ile gari ya marehemu, nenda katazame ukitaka, ila kuku wangu wakali. Nlikwenda. Ngozi ya viti ilikuwa ya rangi ya ukwaju, imepasuka pasuka, imejaa mavi ya kuku, lakini mishono yake, wallahi, mishono ile ilishonwa na mtu aliyekuwa hana haraka. Nkafunga mlango, ukafunga kwa sauti ndogo, ya adabu. Nliipenda, basi. Sina maelezo mengine.

Bibi alikubali kuuza hata sijamaliza kuuliza, na hapo ndipo ilipopasa nishtuke. Mtu anayetoa kitu cha marehemu wake bila hata kukaa kwenye bei, pana jambo. Lakini nani anashtuka akiwa amependa? Wanawe wawili wa kiume, wanaoishi Maskati, walipiga simu wakasema wameridhia. Mmoja alipokuja likizo tukaandikiana kwa sheha wa mtaa. Mimi nkajua yamekwisha.

Tuliiburura mpaka Jang'ombe kwa fundi wa bodi mwenye banda lake la mabati. Fundi aliinua zulia la chini, akapitisha mkono, mkono ukatokea ardhini. Akaniuliza, Bi, hii gari au chujio? Chumvi ya kisiwa hiki haichagui tajiri. Alinung'unika siku ile nzima, na mimi nkimuacha, kwa sababu nlimuona alivyokuwa akiipitishia kiganja kwenye paa alipodhani simtazami.

Kazi ilichukua zaidi ya mwaka. Yeye alikata mabati yaliyooza na kuchomelea mapya, injini ikafunguliwa na mwenzake, vipuri tukavisubiri kutoka Dar na Mombasa mpaka tukachoka kuuliza. Viti nlivichukua mimi. Nlimwambia fundi hivyo asiviguse, hiyo ni kazi yangu. Vikaletwa Malindi kwa mkokoteni, na wale majirani zangu wakatoka vibarazani kutazama gari inavyoingia kichochoroni vipande vipande.

Kufumua kiti cha zamani si kazi ya kukimbilia. Unakata uzi mmoja mmoja, unaitoa ngozi nzima nzima, unailaza juu ya ngozi mpya ndiyo iwe kipimo chako. Mume wangu alianza kwa kupita tu, anatazama. Kisha akaleta miwani. Kisha nkamuona amekaa mkekani, kile kiti kikubwa mapajani, anachomoa nyuzi kwa ncha ya sindano, na ulimi ametoa kidogo. Tulizungumza mambo ambayo hatujazungumza tangu watoto walipohama. Aliniambia mambo ya bandarini ambayo hajawahi kunambia, na mimi nkamwambia kwamba nlipoolewa nlilia si kwa huzuni, nlilia kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana. Alicheka mpaka akajichoma kidole. Ile gari aliyoiita kidonda ilikuwa imempendeza, ingawa kukubali hakukubali.

Basi siku moja akaja mwanamke kuchukua mito ya hoteli moja ya Matemwe anayofanyia kazi. Akaona kiti, akauliza cha nini. Nkamueleza kwa maringo, gari gani na ilikuwa ya nani. Akasema, "Kumbe yule mwenzetu wa mwani kakubali gari ya babaake iuzwe?"

Nkamwambia marehemu alikuwa na watoto wawili tu, wanaume, wako Maskati. Alinitazama, akatazama mlango, akasema yeye hakusema kitu. Akabeba mito yake akaondoka, na mimi nkabaki na mkasi mkononi.

Mume wangu alikwenda kumuuliza imamu wetu baada ya sala ya alasiri. Jawabu lilikuwa fupi. Kama ni mtoto wa ndoa basi ni mrithi kama wenzake, na mali ya warithi haiuzwi na baadhi yao mmoja akaachwa. Nimtafute anipe radhi, au gari niirudishe. Nlipiga kelele, si uongo. Niirudishe vipi, na chini yote imetengenezwa, na rangi imeshachaguliwa? Nlisema nimeinunua kwa sheha, mbele ya mashahidi, na asiyeulizwa ana ugomvi na waliomficha, si na mimi. Mume wangu alinisubiri nimalize.

"Utaiendesha vipi, mke wangu?" akasema. "Moyo wako naujua mimi."

Nkalia, kwa sababu kweli anaujua.

Nlianza Kikwajuni, hasira zangu nimezibeba. Nkatoa shikamoo, bibi akaitika marahaba, na kabla sijakaa aliona usoni mwangu nimekuja kwa lipi. Hakukana. Alisema mumewe alimuoa mwanamke wa Matemwe kwa siri, ndoa ya halali yenye mashahidi, akazaa naye binti. Yeye hakuambiwa na mtu, lakini kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akisikia gari ile inawaka na akijua inakwenda wapi. Mumewe alipopooza, yeye mwenyewe ndiye aliyewafungulia kuku mlango wa gari. Alisema hivyo huku akinitazama, wala hakuona haya. Hasira zangu zikakosa pa kukaa. Nlikuja kugombana na mwizi nkamkuta mtu aliyeumizwa, na hata hivyo yule binti alikuwa hana kosa.

Tukenda Matemwe na vespa ya mume wangu. Tulimkuta uani kwake, anageuza mwani juani. Ni mwanamke wa makamo, si mdogo kwangu sana, na paji lake la uso ndilo lile lile la kwenye picha ya marehemu iliyotundikwa ukumbini Kikwajuni. Alitukaribisha, mume wangu akatolewa kiti nje, sisi tukakaa mkekani. Nlimwambia yote, na nkamwambia kwamba asipotoa radhi gari itarudi, sitabishana naye. Mambo ya nyumba na shamba la babaake sikuyagusa. Hayo alikuwa ameshayapeleka kwa kadhi. Mimi nlikuja kwa la gari.

Aliniacha nseme mpaka mwisho. Kisha akanisimulia. Babaake alikuwa akija Ijumaa na mkate na tende na halua, lakini gari akiiacha juu kwenye barabara ya lami, dukani, na kushuka kwa miguu njia nzima ya mchanga, ili watu wasiiunganishe na nyumba yao. Yeye alikuwa akikimbia kuipokea, akiigusa ikiwa bado ya moto. Kila Ijumaa akiomba apakiwe, japo mpaka pale skuli. Kila Ijumaa akiambiwa Ijumaa ijayo, mwanangu. Amekua, ameolewa, na Ijumaa ile haikuja. Alipokufa babaake hakuna aliyempa habari, alifika khitma imeshasomwa.

Nkamuuliza, basi, unanipa radhi?

"Ikitembea, nambie," akasema. "Hapo ntakujibu."

Kurudi nyumbani mume wangu aliniuliza kama ntaendelea kutia jasho kwenye kitu ambacho huenda si changu. Nlikuwa nshajiuliza mwenyewe njia nzima. Nkamwambia, kama ni yake, aikute nzuri. Nkarudi kwenye cherehani. Wallahi nlishona vizuri zaidi kuliko mwanzo, na kila nlipovuta uzi nkiogopa, maana nlikuwa nishaipenda kupita kiasi, na huku nlikuwa sitaki kumshinda yule mtu.

Gari ikapigwa rangi yake ile ile ya awali, buluu iliyokoza. Siku ilipotembea bila kuzima, nlimpigia simu Matemwe. Akaja mjini asubuhi, amevaa buibui jipya, amejipaka hina, mkoba mkononi. Fundi alifuta kioo mara ya mwisho akajitenga. Mume wangu akasema yeye atarudi nyumbani kwa miguu, safari ile si yake. Nkafungua mlango wa upande wa abiria, nkamwambia karibu, Bi.

Hakuingia. Akatazama ndani.

"Ntakaa nyuma," akasema.

Nkamwambia nyuma ni padogo, gari za milango miwili ndivyo zilivyo, kile kiti ni cha watoto, magoti yatamuuma.

"Najua ni cha watoto."

Nkakilaza kiti cha mbele, na yule mwanamke mrefu akainama, akajipinda, akavuta buibui lake, akaingia. Magoti yalimfika kifuani. Mkoba akauweka mapajani.

Tulitoka mjini, tukapita Mahonda na Kinyasini. Nkimtazama kwenye kioo, naona amegeuza uso dirishani, anatazama minazi na watu na maduka, na kila tunapompita mtu anamfuata kwa macho. Mara moja tu aliniuliza kama babaake alikuwa akiendesha upesi au pole. Nkamwambia sijui, mimi sikumjua. Akafikiri, akasema basi endesha pole. Nkaendesha pole, malori yote yakatupita, na mimi sikumtukana hata mmoja.

Tulipofika dukani, pale juu kwenye lami, nkapunguza mwendo. Njia ya chini ni mchanga na mawe, na gari hii iko chini chini, imepakwa rangi juzi.

"Usisimame hapa," akasema.

Nkateremka njia ile. Kila jiwe lililogonga tumbo la gari lilinigonga mimi, nkasema subhanallah kimoyomoyo na nkaendelea. Watoto walianza kutukimbilia, wanawake wakatoka uani na mikono yenye unga na mwani. Wanaume barazani wakanyanyuka. Nlikwenda mpaka mlangoni kwake kabisa, nkazima injini, nkateremka, nkakilaza kiti, nkampa mkono.

Hakuushika. Amekaa vile vile, magoti kifuani, machozi yanamtiririka na hayafuti, anatazama watu kupitia kioo na watu wanamtazama.

"Wote wameniona?" akaniuliza.

Nkamwambia wamekuona wote.

"Basi nimeridhika," akasema. "Gari yako. Halali yako mbele ya Mungu, na baba namsamehe."

Nkampa mkono tena. Akatikisa kichwa, akasema nimngoje kwanza, hajamaliza kukaa. Nkakirudisha kiti, nkaingia nkakaa mbele, nkamngojea.