Dada Aliyenifundisha Kudaka Ribaundi

Dada yangu alinizidi miaka mitano na urefu wa kichwa kizima. Katika timu yetu ya wasichana ya mpira wa kikapu pale Mabatini, kazi yake ilikuwa ribaundi: mpira ukigonga ringi ukarudi, ni wake. Wafungaji walipigiwa makofi. Yeye alitoka uwanjani na mikwaruzo ya kucha mikononi, akacheka.

Mimi nilikuwa mfupi na niliogopa viwiko. Jioni moja alinisimamisha chini ya ubao.

"Acha kuangalia mpira," akasema.

"Nisipouangalia nitaudakaje?"

"Mwangalie anayerusha. Akirusha kutoka kona hii akakosa, mara nyingi mpira utaangukia upande ule. Halafu mtafute mtu wako kwa mgongo. Mgongo, siyo mikono. Ukishamsikia hapo nyuma, inama kidogo, mkalie, ndipo uruke."

Akanisukuma mpaka nikaanguka kwenye saruji. Nililia. Alisubiri nimalize, akanisukuma tena. Kiangazi chote kilipita hivyo. Nikajifunza kutua kwa miguu yote miwili, viwiko nje, mpira chini ya kidevu. Mvua zilipoanza, nilikuwa nadaka mipira mbele ya wasichana warefu kuliko mimi, na kocha akaanza kutupanga pamoja, mimi na dada, kila mmoja upande wake wa ringi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha goti lake likavimba. Tulidhani ni mchezo tu. Mama, ambaye anauza ndizi sokoni Mkolani, alilikanda kwa maji ya moto na chumvi, lakini uvimbe haukushuka. Hospitalini walipiga picha, wakachukua kinyama cha kupima, wakatuita. Daktari alisema ni saratani ya mfupa na mguu hauwezi kubaki.

"Tuna mechi Jumamosi," dada akasema. "Haiwezi kusubiri mpaka baada ya hapo?"

Mama alijifunika uso kwa khanga. Daktari alijibu taratibu kwamba haiwezi.

Baada ya upasuaji alirudi uwanjani kwa magongo. Tulimwekea kiti cha plastiki nyuma ya mstari, akawa anapiga kelele, "Mgongo! Mgongo wako uko wapi?" Siku moja mpira uligonga ringi ukamwendea yeye. Aliinuka kuudaka kama alivyozoea, akasahau, akaanguka. Tulikimbia wote.

"Msinishike," akasema.

Alikaa pale chini, mpira ameubana chini ya kidevu, viwiko nje. Alicheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, na sisi tukabaki tumesimama, hatujui tuangalie wapi.

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Akalazwa, akawa analala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Mechi yetu iliyofuata nilitaka nisicheze; alikataa kabisa. Nilitoka uwanjani nikaenda moja kwa moja wodini na jezi yangu.

"Umedaka?" akauliza.

"Nimedaka."

"Ulimsikia mgongoni?"

"Nilimsikia, dada."

Nikamwambia nanuka jasho, nitarudi nikishaoga. Akanivuta mkono. "Usiende kuoga. Kaa hapa na jasho lako."

Nilikaa mpaka muda wa wageni ukaisha. Wiki ile ile, alfajiri, mama akiwa naye, alifariki.

Tulimzika Kagera, kwenye migomba ya bibi. Timu nzima ilikuja kwa gari la kukodi, wasichana warefu wamevaa jezi zao, wamesimama kati ya migomba, majirani wakiwashangaa. Bibi aliwagusa mikono mmoja mmoja, akiwaita wajukuu.

Nilikaa muda mrefu bila kucheza. Nilipojaribu tena, mwili ulifanya wenyewe kila kitu: nikageuka, nikampata mpinzani kwa mgongo, nikaruka, nikatua na mpira. Nikabaki nimesimama pale, mpira nimeubana chini ya kidevu. Kocha akanitoa, akanipa maji.

Mwaka huu mama alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kuja dada alipokuwa hai. Jumamosi, siku ya mechi, ndiyo siku yake ya biashara. Wasichana waliacha mazoezi, wakamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akaniita pembeni.

"Mwenzako alikuwa anasimama wapi?"

Nilimwonyesha, kushoto kwa ringi. Mama akavua ndala, sijui kwa nini, akaingia uwanjani akasimama pale na mkoba wake. Aliangalia ubao juu, akaangalia saruji chini. Wasichana walisubiri, mpira umeshikwa.

"Kumbe ni juu hivi," akasema mwishowe.

Akavaa ndala zake. Nikamsindikiza mpaka barabarani, tukiwa tumeshikana mikono, naye akanihimiza nirudi, wenzangu wananisubiri.