Esnath na Programu Mbili

Esnath alikuwa karani wa kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu alifungua chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Wateja wakipungua, alifanya kazi yake mwenyewe: kuandika maneno ya Kinyakyusa ambayo mama yake, Bibi Anyosisye wa Kinyala, bado aliyakumbuka. Yalishapita elfu mbili.

Jumatatu moja ya mvua, programu ya kuandikia ikagoma. Leseni imeisha, ikasema; kusoma utasoma, kuandika huwezi. Esnath akabonyeza, akabonyeza tena. Akasimama, akaketi, akatoka barazani, akarudi. Maneno ya mama yake yalikuwa pale mbele yake, na yeye haruhusiwi kuongeza hata nukta.

Akampigia Jairo, fundi kompyuta wa Kiwira.

"Shikamoo mama," akasema, na alipoelezwa shida akaongeza, "Hilo dogo. Nakuwekea iliyovunjwa, hutaulizwa leseni tena."

"Ya wizi?"

"Wengi wanatumia hiyo."

"Mimi siitaki."

Jairo akabadili shauri. "Basi lipia, au nikuwekee programu huria. Hiyo ni bure kihalali, na hakuna wa kukufungia."

Akachagua huria, Jairo akaja kuiweka. Faili likafunguka, lakini majedwali yalikuwa yamevurugika, na vitufe havikuwa mahali alipovizoea. Wiki nzima hakutulia. Mara mbili alishika simu alipie ile ya zamani, mara mbili akaiweka. Fomu ya mwalimu mmoja ikatoka imepinda, mwalimu akahamia duka la jirani.

Jumamosi akapanda hadi Kinyala kwa mama yake, na kompyuta yake. Mama akamtajia jina la ndizi ambayo siku hizi haipandwi. Esnath akaandika, akahifadhi, akafungua tena kuangalia, akahifadhi tena.

"Mbona unahangaika hivyo, mwanangu?"

"Naogopa nitafungiwa tena, mama."

"Nani akufungie? Maneno si yetu?"

Jumatatu Esnath alilipia leseni, kwa ajili ya fomu za wateja tu. Maneno ya mama aliyaacha kwenye programu huria. Jairo alipopita akamwona anahama kutoka programu moja kwenda nyingine, akacheka.

"Mama, si ungechagua moja?"

"Kila kazi nimeichagulia yake. Hakuna aliyenilazimisha."

Hata hivyo kila asubuhi, kabla hajavua koti, hufungua kwanza faili la maneno na kuandika herufi moja, kisha huifuta.