Bakuli la Kalisti Halikusuuzwa

Huyo Kalisti wa Nsemulwa, pale Mpanda mjini, mwaka tisini na nane alikuwa anatembea kama gunia lililosimamishwa. Mkewe Josefina alikufa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, mwezi wa tatu, malaria ya siku mbili. Hakutoa chozi. Alizika, akanawa, akarudi kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa kompyuta ya misheni, dude zito kama ndama wa Msukuma, linaloongea kwa redio na mwenzake wa Mishamo, lile alilokuwa analitumia Josefina. Barua ndefu zilifika salama. Fupi zilifika na mkia.

Nesi Christina, jirani yake, akamvamia ofisini. "Shemeji, nimeuliza Mishamo maharage yapo? Wamejibu 'yapo', na nyuma likafuata jina la mgonjwa na ugonjwa wake wa siri! Na bakuli langu la msibani hujarudisha."

"Mashine haijasuuza bakuli, dada."

Akamweleza. Bakuli la jirani halirudishwi tupu, unatia hata kiganja cha karanga. Mashine nayo ikipewa neno fupi inaliweka kwenye bakuli kubwa, nafasi inayobaki inakwenda na makombo ya barua za zamani. Aliyeandika kiini cha mtambo, ile programu inayouendesha, alisahau kusuuza. Dawa ni kulijaza bakuli sufuri kwanza.

"Sasa si ujaze! Watu wataumbuka."

Kalisti akaigeukia mashine. Kwenye mikia hiyo yalikuwa yanakuja makombo ya barua za Josefina: "...listi umekula", "...nikirudi nita...". Mashine ya Mishamo haijazimwa toka afe. Ikizimwa ipokee kiini kipya, yanafutika. Kwa siku alikuwa anaita Mishamo mara arobaini, "upo?", apate mkia tu; wenye mdomo wanasema mia nne.

Lakini jina la yule mgonjwa lilimkaa kichwani. Jumamosi akapanda lori la Mishamo, disketi ya kiini kipya mfukoni.

"Upo, upo, kila saa!" Méthode, mpokeaji mpya, akamcheka. "Mkimbizi mie, nitaenda wapi?"

Kalisti akazima, akaweka kiini kipya, akawasha.

Jumatatu kutoka Mpanda akaandika, "upo?"

"nipo", na nyuma yake sufuri, sufuri, sufuri.

Akaenda nyumbani, akasugua bakuli lenye ukoko wa miezi mitano, akampelekea Christina.

"Mh! Shemeji, tupu?"

"Nimejaza sufuri."

Christina akacheka, akamtazama usoni, akaacha. Akaingia ndani, akatoka na bakuli lilelile limejaa wali.

"Kaa hapa. Ule nikikuona."

Akala. Hakujua kama wali una chumvi.