Harusi ya Ng'ambo ya Barabara

Juzi, nikingoja muhuri kwenye ofisi moja hapa Bujumbura, nilimsikia mama wa mtaa wa Buyenzi akiomba ruhusa ya karamu. Mwanawe anaoa Jumamosi, na bibi harusi anatoka mtaa wa Bwiza, ng'ambo ya barabara.

"Mama, apana," karani akasema, huku akiupuliza muhuri kama chai ya moto. "Wakati huu wa vita, batu ya mitaa mbili haiwezi kukusanyika. Buyenzi wakulie Buyenzi, Bwiza wakulie Bwiza."

"Na mutoto wangu naye aoe nusu?"

Foleni nzima ikacheka. Mama akajifunga kitenge upya. "Baba, ile barabara ya katikati ni ya mutaa gani?"

Karani akageukia ramani ukutani, akaitazama kwa muda. "Ile si ya mutaa. Ni ya serikali."

"Basi tutakula pale. Na serikali ikuje, nimeialika. Isikawie tu, ile saa yenu ya kufungiwa ndani usiku haingoji pilau."

Jumamosi nilipita. Mikeka ilikuwa imetandikwa barabarani, na watu wa mitaa yote miwili walikuwa wakila kwenye masinia yale yale. Serikali nayo ilifika, kwa sura ya karani wetu: imevua viatu, imekunja mikono ya shati, inaomba iongezewe nyama.